Anayemeza Dawa Ndiye Aitwe Kwanza

Kwa wiki mbili na ushei shangazi yangu alikuwa akiamka saa nane za usiku kumeza kidonge cha presha. Mjukuu alimtegeshea simu, mwenyewe akaweka bilauri ya maji na tochi kando ya kitanda, na usingizi ukishakatika haukurudi hadi adhana ya alfajiri. Alikuwa anatii tu. Hospitali anakotibiwa ilimwandikisha kwenye mfumo mpya wa kuwakumbusha wagonjwa dawa, na ujumbe uliomfikia ulisema wazi: "Meza dawa yako saa 8:00 usiku." Ulikuwapo na mwingine, wa "saa 8:00 asubuhi". Huo ulimtatiza, kwa kuwa maishani mwake hajaiona saa nane ya asubuhi. Akaamua kwamba wamekosea, bila shaka walikusudia mchana. Kidonge cha sukari kilichotakiwa kwenda na chai ya asubuhi kikawa kinasubiri ugali.

Muuguzi ndiye aliyeligundua jambo hilo, na ilikuwa bahati. Alimuuliza mbona macho yamemvimba, naye akajibu, "Mwanangu, hii dawa yenu ya saa nane ndiyo inayoninyima usingizi."

Kijana aliyeandika programu ile ni Mtanzania. Nyumbani kwao, saa mbili usiku ni saa mbili usiku. Lakini mbele ya kompyuta aliisoma saa kama kompyuta inavyoisoma, akaweka neno "usiku" palipokuwa na PM, kazi ikaendelea. Simlaumu sana. Kinachonikera mpaka leo ni kwamba bibi mmoja tu, akikalishwa mezani dakika kumi na kuonyeshwa ujumbe ule, angeuliza swali na kosa lingekwisha siku hiyo hiyo. Hakuna bibi aliyeitwa.

Nawaandikia wanaotengeneza vitu hivi: vijana wa programu, wakuu wa miradi, madaktari na waganga wafawidhi wanaoombwa ushauri. Nawaandikia pia wagonjwa wanaoitwa kwenye vikao na kurudi nyumbani wakijiuliza walikwenda kufanya nini. Rai yangu ni moja. Mgonjwa aitwe wakati bado hamjajua mnajenga nini. Kumwita programu ikiwa imekamilika na tarehe ya uzinduzi imeshatangazwa, kumpa simu mkononi na kumuuliza kama anaipenda, huko ni kumwomba baraka. Baraka atawapa, hasa daktari wake akiwa amesimama pale pale. Lakini hapo hana tena anachoweza kukibadilisha.

Mfano mzuri tunao hapa hapa kwetu Afrika Mashariki. Kati ya 2007 na 2008, katika kliniki tatu za Kenya, mbili Nairobi na moja Kajiado, watu walioanza dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI walitumiwa ujumbe mmoja kwa wiki. Ujumbe wenyewe ulikuwa neno moja: "Mambo?" Mgonjwa alijibu "Sawa" au "Shida" ndani ya saa 48. Aliyejibu shida alipigiwa simu na muuguzi, na aliyenyamaza naye alipigiwa. Mradi huo uliitwa WelTel, na matokeo yake yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2010. Kati ya wagonjwa 538, nusu walipata ujumbe na nusu waliendelea na huduma ya kawaida. Waliomeza dawa ipasavyo walikuwa asilimia 62 upande wa ujumbe na asilimia 50 upande wa pili, na waliofubaza virusi walikuwa asilimia 57 dhidi ya 48.

Litazame vizuri neno hilo "Mambo?" Halitaji dawa wala ugonjwa. Mume akiliona, au mwenye nyumba, au bosi, ataona salamu. Linajibika na mtu asiye na mazoea ya kuandika. Na ni swali, kwa hiyo upande wa pili lazima awepo mtu wa kusikia jibu. Huko Yaoundé, Kamerun, watafiti waliwatumia wagonjwa 200 ujumbe wa kutia moyo kila wiki, wa upande mmoja, bila mfumo wa muuguzi kupiga simu. Matokeo yaliyotoka mwaka 2012 hayakuonyesha tofauti ya maana katika umezaji wa dawa. Katika kituo cha Chulaimbo, magharibi mwa Kenya, wagonjwa 431 walifuatiliwa, na ikaonekana kwamba ujumbe wa kila wiki ulisaidia ilhali ule wa kila siku haukusaidia. Hospitali hizi hazifanani na wagonjwa wao hawafanani, kwa hiyo sitaki kupiga hesabu rahisi. Lakini niliyoyasikia kwa wagonjwa wenyewe yanaelekea huko huko. Mtu anayekumbushwa kila siku kwamba anaumwa huchoka, akazima simu. Anayeulizwa hali hujibu.

Basi mnaanzaje? Anzeni kwa kwenda nyumbani kwa mtu, bila kompyuta na bila michoro. Msimuulize angependa programu iwe na nini, maana swali hilo linamtaka awe fundi, na fundi ni nyinyi. Mwambieni: "Mama, tusimulie jana, tangu ulipoamka." Halafu mnyamaze. Atawaambia dawa anaziweka kwenye kopo la Blue Band juu ya kabati ili watoto wasizifikie, na kwamba bahasha ya duka la dawa iliyoandikwa 1x2 ilishalowa zamani, sasa anakwenda kwa rangi ya kidonge. Atawaambia siku ya gulio hamezi cha mchana kwa sababu kinamsumbua haja ndogo na sokoni choo ni cha kulipia. Hakuna dodoso litakalowapa hilo la choo. Na mkishalijua, pengine mtagundua kwamba ujumbe wa kumkumbusha hauna faida yoyote. Anachohitaji ni mtu wa kumjibu kama anaweza kusogeza saa ya kidonge. Hapo ndipo kazi yenu inapogeuka, na ni heri igeuke kabla bajeti haijafungwa.

Mkimaliza nyumbani, mfuateni hadi kliniki. Kaeni naye kwenye foleni tangu saa kumi na mbili asubuhi. Hesabuni mara ngapi anataja jina lake, kwa nani, na nani wanasikia.

Kuhusu nani aitwe, miradi mingi hukosea kwa nia njema. Humwita mwenyekiti wa kikundi cha wagonjwa, mtu mwenye ufasaha, aliyezoea warsha na anayejua kusaini fomu ya posho. Huyo aje, ana mengi ya kusema. Lakini tatizo lenu hasa linakaa kwa yule aliyeacha kuja. Kliniki nyingi humwita "mtoro", kama mwanafunzi aliyekimbia shule, na neno hilo peke yake linatosha kumfanya asirudi. Mtafuteni huyo, kwa ruhusa yake na kwa siri. Tafuteni asiyejua kusoma, na kiziwi, na asiyeona, na binti anayemuuguza mama yake usiku kucha. Mtafuteni mwenye simu ya kitochi ambayo chaji yake ni ya kununua dukani. Mtafuteni mwanamke ambaye simu ya nyumbani ni ya mumewe. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na hawa ndio wanaolala pale kunguni walipo wengi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wageni wanaokuja na vitabu vyao vya usanifu hawalioni, nalo ni adabu yetu. Kijana anaingia, anasema "Shikamoo mama", anajibiwa "Marahaba mwanangu", anaonyesha kazi yake. Huyo mama hawezi tena kumwambia kwamba kazi yake ni mbovu. Amemwita mwanangu! Atasema ni nzuri, mmejitahidi, Mungu awabariki. Kijana anaandika kwenye ripoti kwamba wagonjwa wameipokea vizuri. Nimekaa kwenye kikao cha namna hiyo, kila mtu akatabasamu, na nje ya geti akina mama wale wale wakaulizana, "Wewe umeelewa pale pa kubonyeza?"

Adabu haitakiwi kuvunjwa. Ipeni njia ya kupita. Daktari na muuguzi watoke chumbani, watarudi baadaye. Anayeuliza asiwe yeye aliyetengeneza, na aliseme hilo mapema. Leteni michoro miwili au mitatu ya mkono, kwenye karatasi, hata ikiwa imefutwafutwa. Karatasi mbaya inakosoleka bila aibu, lakini kioo kinachong'aa kinatisha. Mama akiwa na vitu viwili mbele yake anaweza kusema hiki ni afadhali, na hapo hajamtukana mtu. Kisha mwombeni afanye jambo moja, kwa mfano abadilishe tarehe ya kliniki, na mtazame vidole vyake bila kumsaidia. Kidole kikisita, andikeni mahali kiliposita. Akisema "macho yangu tu ni mabaya", jueni maandishi yenu ni madogo. Mzee anayejilaumu mbele yenu anawaeleza kosa lenu kwa heshima.

Kwenye lugha nitakaa kidogo, kwa kuwa ndiko wagonjwa wetu wanakoumizwa zaidi na ndiko mgonjwa anakoweza kuwasaidia haraka kuliko mtaalamu yeyote.

Saa nimekwisha kuitaja. Lipo na la "Ndiyo". Mfumo ukimuuliza mtu "Hujameza dawa leo?" na yeye hajameza, atajibu "Ndiyo", yaani ndiyo, sijameza. Hivyo ndivyo Kiswahili kinavyokwenda. Mashine iliyofundishwa kwa mantiki ya Kiingereza itaandika kwamba amemeza, na daktari ataona alama ya kijani mbele ya jina lake. Ulizeni kwa kukubali, "Umemeza dawa leo?", na majibu yawe "Nimemeza" na "Sijameza". Lipo la "chanya". Mgonjwa anasoma majibu ni chanya, na redioni kila jambo jema huitwa chanya, kuanzia mtazamo hadi mabadiliko. Wapo waliorudi nyumbani wakimshukuru Mungu. Semeni virusi vimeonekana, au vimelea vya malaria vimeonekana. Semeni presha na sukari kama mtu anavyosema, kisha kama lazima mwongeze shinikizo la damu na kisukari. Na mjamzito mwulizeni anahesabu nini, wiki au miezi, kabla hamjamtumia ujumbe unaoanza na "Katika wiki ya 22".

Halafu kuna urefu. Ujumbe wa kawaida wa simu huchukua herufi 160, nafasi zikihesabiwa, na ukizidi hukatwa vipande. Kiswahili hubeba mtenda, wakati na mtendwa ndani ya neno moja, kwa hiyo maneno yetu ni marefu, na sentensi iliyotoshea kwa Kiingereza huweza kufika kwetu ikiwa imezidi. Anayebana hukata mwanzo wa heshima au hukata sababu, vikabaki "Njoo kliniki kesho bila kukosa", kama hati ya mahakama. Wapeni wagonjwa wenyewe kalamu. Waambieni ujumbe huu ni mrefu, mngemwambiaje jirani yenu kwa ufupi? Nimeona mama muuza vitumbua akifupisha sentensi ya kamati nzima, akaacha ndani neno "tafadhali".

Menyu za simu za nyota na reli (* na #) nazo zipimwe kwa mikono ya wenyewe. Huwa zinakatika usipojibu upesi, na msomaji wa polepole hufika kwenye chaguo la nne zikiwa zimeshafungwa. Wekeni machache, na la muhimu liwe la kwanza.

Siri ni habari nyingine. Sisi tunazungumzia simu "yake", lakini nyumba nyingi zina simu ya nyumba. Bibi husomewa ujumbe na mjukuu, laini imesajiliwa kwa jina la shemeji, na simu ikiuzwa pamoja na laini yake ujumbe wa kliniki unamfuata mnunuzi. Mwulizeni kila mtu, peke yake, nani mwingine huishika simu hii, saa gani uko nayo, na tukikupigia akapokea mwingine tuseme sisi ni nani. Wengine watachagua salamu kama ile ya "Mambo?", wengine neno la kikundi cha vikoba. Wapo watakaosema msinitumie kitu, nitakuja mwenyewe. Hilo nalo ni jibu halali, na mfumo uwe na mahali pa kuliandika.

Fedha zisemwe wazi. Anayewapa siku yake nzima amefunga genge au ameacha kibarua. Mlipeni nauli, chakula na muda wake, kiasi akijue kabla hajatoka nyumbani, na akipokee siku hiyo hiyo. Kisiwe kikubwa hadi ashindwe kukataa akitaka kukataa. Mshauri wa kompyuta analipwa kwa ujuzi wake, na huyu naye ujuzi wake wa miaka kumi na mbili ya sukari ndio mliokuja kuuchukua.

Madai haya ya mgonjwa kushirikishwa si mapya. Mwaka 1983, huko Denver, Marekani, watu wenye UKIMWI waliingia kwenye mkutano wa wataalamu wakasema hawataki kuitwa wahanga, na wakataka viti kwenye kila kikao kinachoamua mambo yao. Mwaka 1987, Uganda, Noerine Kaleeba na wenzake, baadhi yao wakiwa na virusi wenyewe, walianzisha TASO wakati hospitali hazikujua la kuwaambia wagonjwa zaidi ya kuwahurumia. Mwaka 1994, Paris, nchi 42 zilitia saini kwamba watu wanaoishi na virusi washirikishwe zaidi. Huduma nyingi tunazoziona leo za kawaida kwenye kliniki zetu, mgonjwa kumshauri mgonjwa mwenzake kwa mfano, ziliingia kwa mlango huo. Na pale wanapocheleweshwa sana, wagonjwa hujitengenezea. Dana Lewis wa Marekani, mwenye kisukari cha aina ya kwanza, aliogopa kwa sababu kengele ya kifaa chake cha kupima sukari haikuwa na sauti ya kumwamsha usiku. Mwaka 2013 yeye na mwenzake Scott Leibrand walijitengenezea kengele ya kelele zaidi, na kazi hiyo ikakua hadi mfumo unaorekebisha insulini wenyewe, ambao mwaka 2015 waliutoa bure kwa wengine chini ya jina OpenAPS. Yote hayo yalianza na malalamiko kuhusu kengele, ambayo mgonjwa yeyote mwenye usingizi mzito angeyatoa siku ya kwanza kama angeulizwa.

Mkishasikiliza, rudini. Hili ndilo linalosahaulika kuliko yote. Rudini kwa watu wale wale na mseme: ulituambia hivi, tumebadilisha hapa, hili jingine tumeshindwa, sababu ni hii. Wekeni daftari la mliyoambiwa na lililofanyika kwa kila moja. Daftari likionyesha hakuna kilichobadilika, hamkushirikisha mtu, mlipiga picha. Na mgonjwa mmoja au wawili wawe kwenye kikao kinachogawa fedha, wakiwa na kura, maana huko ndiko "tutaliangalia awamu ya pili" inakoamuliwa.

Semeni pia mradi utakwisha lini. Mwaka 2012 Wizara ya Afya ya Uganda ilisimamisha miradi ya afya ya kidijitali kwa muda, kwa kuwa ilikuwa imezagaa kila mahali bila kuunganishwa. Mradi ukisimama, anayeumia ni mtu aliyezoea kuulizwa hali kila Jumatatu, halafu Jumatatu moja namba ikanyamaza. Hudhani wamemchoka. Mwambieni mapema, na mwambieni nani atabaki naye.

Wewe nawe unayeitwa kwenye kikao, nenda na maswali. Nikijibu kwamba nina shida saa nne usiku, nani ataona, na atanipigia lini? Kutuma ujumbe kunanigharimu vocha? Taarifa zangu zinakaa wapi, nani anazisoma, nikitaka kujitoa nifanyeje? Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023, na zote mbili zinazihesabu habari za afya yako kuwa nyeti. Una haki ya kuziona na ya kudai zirekebishwe. Usipoelewa neno, sema hujaelewa, kwa sauti. Nyuma yako yuko mwingine ambaye hajaelewa na hana ujasiri wako.

Kijana yule wa programu, baada ya muuguzi kumweleza, alikwenda nyumbani kwa shangazi. Alikuwa amejiandaa kuomba radhi, ila shangazi alimkatisha akamwekea chai. Wakakaa. Akamuuliza, badala ya kutaja saa, angependa aambiweje. Shangazi akafikiri kidogo, akasema yeye usiku haangalii saa, anasikiliza redio: "Andika, baada ya taarifa ya habari." Ya saa mbili usiku, ambayo hajaikosa tangu enzi za marehemu mumewe. Kijana akafurahi, akaandika. Na asubuhi je? Baada ya kunywa chai. Akaandika na hiyo.

Alipokuwa anavaa viatu mlangoni, shangazi akamwita tena. "Mwanangu, na siku betri za redio zikiisha?"

Kijana akavua viatu, akarudi kuketi, akafungua daftari.